Somo la Sayansi: Kuona na Kugusa Vilivyo Mbali kwa Msaada wa Kompyuta



 

 Katika jarida letu la mwaka huu tumeona ni vyema tuwaletee somo la sayansi ambalo huenda likaonekana geni, lakini tukilifuatilia hatua kwa hatua tutaona kuwa misingi yake tunayo hapa hapa Igalula.

UTANGULIZI

Siku moja baada ya darsa tuliwaonyesha wanafunzi wetu, kwa kutumia simu, umbo la Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Haikuwa picha ya kawaida. Ukisogeza kidole juu ya kioo cha simu msikiti unageuka, unaona upande wake wa nyuma, unapanda juu ya kuba zake, kisha unashuka na kupita katikati ya nguzo. Wanafunzi walisongamana, kila mmoja akitaka zamu yake.

Mwanafunzi mmoja hakusogea. Ni kijana asiyeona, ambaye amehifadhi juzuu kadhaa za Qur'an kwa kusikiliza tu. Aliuliza kutoka mwisho wa mkeka: "Ustadhi, na sisi tusioona, tutaingiaje humo msikitini?"

Siku ile hatukuwa na jibu la kumpa. Tulimwambia asubiri, tukaenda kusoma na kuuliza wenye kujua. Somo hili ndilo jibu letu kwake, na kwa wenzake wote.

DATA ZA PANDE TATU NI NINI?

Tukiandika urefu wa ukuta tunahitaji namba moja tu. Tukichora ramani ya kijiji kwenye karatasi tunahitaji namba mbili kwa kila mahali: umbali wa kwenda mashariki na umbali wa kwenda kaskazini. Lakini tukitaka kueleza mahali maji yalipo ndani ya kisima, tunahitaji namba ya tatu, nayo ni kina. Basi data za pande tatu ni habari ambayo kila nukta yake ina namba tatu: upana, urefu na kina (au kimo). Wakati mwingine huongezwa namba ya nne inayoeleza hali ya nukta hiyo, kama vile rangi yake, joto lake au ugumu wake.

Chukua embe, tunda ambalo Tabora imejaaliwa kwa wingi. Ukiliangalia kwa nje unaona ganda tu. Ukilikata vipande vyembamba na kuvipanga kwa utaratibu, unaweza kujua kokwa imelala vipi, na kama kuna funza unajua amepita wapi. Mashine ya hospitali inayoitwa CT hufanya kazi ya namna hiyo bila kisu. Hupitisha miale ya eksirei mwilini kutoka pande nyingi, kisha kompyuta hukokotoa kila kipande kilivyo ndani. Mgonjwa wa kwanza kupigwa picha ya kichwa kwa mashine hiyo alipigwa London mwaka 1971. Mwaka 1979 Godfrey Hounsfield wa Uingereza, pamoja na Allan Cormack aliyezaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Hapa ndipo penye taabu. Tuseme tumegawa kitu katika vijichemraba vidogo, elfu moja kwa upana, elfu moja kwa urefu na elfu moja kwa kina. Zidisha: 1,000 x 1,000 x 1,000. Jibu ni bilioni moja. Hakuna mtu anayeweza kusoma namba bilioni moja zilizoandikwa kwenye karatasi akaelewa umbo lake. Na tukizionyesha kwenye kioo cha kompyuta, tunaona sura ya nje tu, nyingine zote zimejificha nyuma yake. Kwa hiyo wataalamu walijiuliza: vipi tuingie ndani ya data hizi, tuzunguke, tuzikate na tuziguse?

KWA NINI TUMEPEWA MACHO MAWILI?

Fanya jaribio hili sasa hivi. Nyoosha mkono, simamisha kidole kimoja mbele ya uso. Fumba jicho la kulia, kisha fumbua na ufumbe la kushoto. Utaona kidole kinaruka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na mti ulio mbali nyuma yake hauruki kiasi hicho. Kila jicho linaona picha yake, na picha hizo zinatofautiana kidogo. Ubongo unazilinganisha na kutambua kipi kiko karibu na kipi kiko mbali.

Jambo hili lilichunguzwa kwa kina na mwanachuoni wa Kiislamu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965 na kufanya kazi zake kubwa Cairo. Katika Kitab al-Manazir, kitabu chake kuhusu elimu ya kuona, alithibitisha kuwa tunaona kwa mwanga unaotoka kwenye vitu na kuingia machoni, na si kwa miale inayotoka machoni kama walivyodhani wengi kabla yake. Alichunguza pia jinsi macho mawili yanavyoshirikiana kuona kitu kimoja, na sababu zinazofanya jicho lidanganyike. Wanafunzi wakumbuke kwamba mtu huyu hakutosheka na kunukuu waliomtangulia. Alipima na kujaribu kwanza, ndipo akaandika.

Mwaka 1838 Charles Wheatstone wa Uingereza alieleza chombo chenye vioo ambacho humpa mtu picha mbili tofauti, moja kwa kila jicho. Picha zilikuwa bapa, lakini aliyetazama aliona kitu chenye kina. Miwani ya kompyuta ya leo imejengwa juu ya msingi huo.

UHALISIA PEPE

Uhalisia pepe ni utaratibu wa kumfanya mtu aone, asikie na pengine ahisi kuwa yumo mahali ambapo kwa kweli hayupo. Mtu huvaa kifaa usoni chenye kioo kidogo na lenzi mbili. Jicho la kulia linapewa picha yake na la kushoto yake. Vipimio vilivyomo hufuatilia kichwa. Ukigeuka kulia, kompyuta inachora upya kile ambacho ungekiona upande wa kulia. Kazi hiyo lazima ifanyike upesi mno, inapendekezwa isizidi kama sehemu 20 za elfu moja ya sekunde. Ikichelewa, macho yanasema jambo moja na sikio la ndani linalosimamia mizani ya mwili linasema jingine, na mtu hushikwa na kizunguzungu na kichefuchefu.

Ivan Sutherland na wenzake nchini Marekani walitengeneza kifaa cha namna hii mwaka 1968. Kilikuwa kizito kiasi cha kuning'inizwa darini. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Chicago kilionyesha chumba ambacho kuta zake ni picha, watu kadhaa wanaingia pamoja na kuchunguza data huku wamezungukwa nazo. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitoa kiboksi cha karatasi ngumu chenye lenzi mbili ambacho mtu huweka simu yake ndani. Kampuni iliacha kukiuza mwaka 2021, lakini kilithibitisha kuwa elimu hii haikuwa ya matajiri peke yao.

MSIKITI MKUU WA KILWA

Turudi kwenye msikiti tuliouona kwenye simu. Kilwa Kisiwani, iliyoko mkoa wa Lindi, ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya biashara ya pwani yetu. Ibn Battuta aliizuru mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman. Msikiti Mkuu ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Sehemu ya kaskazini ndiyo ya zamani zaidi na ni ndogo. Baadaye uliongezwa upande wa kusini ukawa na nguzo nyingi, matao na kuba. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na yakatolewa katika orodha hiyo mwaka 2014 baada ya kazi ya kuyatengeneza. Hata hivyo mawimbi, mvua na chumvi havijaacha kuyala.

Ndiyo sababu wataalamu waliupima msikiti huo. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulioanzishwa na Profesa Heinz Rüther, ulipima majengo ya Kilwa na Songo Mnara kwa leza. Mashine huwekwa juu ya miguu mitatu, ikatupa mwale wa mwanga ukutani na kupima mwale huo unavyorudi. Mwanga husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Ukuta ukiwa mita 10 mbele, mwanga utakwenda na kurudi mita 20 kwa muda wa sehemu kama 67 za bilioni ya sekunde. Katika mashine nyingi za aina hii, kompyuta hujua umbali kutokana na muda huo. Mamilioni ya nukta hukusanyika, nazo kwa pamoja huitwa wingu la nukta.

Mwezi Januari 2020, shirika la CyArk, baraza la kimataifa la kuhifadhi majengo ya kale linaloitwa ICOMOS, na Google, walitoa kwa umma maumbo na picha za sehemu tano duniani zinazotishiwa na mabadiliko ya tabianchi. Kilwa Kisiwani ilikuwa mojawapo, pamoja na mji wa misikiti wa Bagerhat nchini Bangladesh.

Njia nyingine isiyohitaji leza ni kupiga picha nyingi kutoka pande nyingi, kila picha ikishirikiana na jirani yake kwa sehemu kubwa. Kompyuta hutafuta nukta ile ile katika picha tofauti, kisha hukokotoa ilipo. Hii ni kazi ile ile ya macho mawili, ila sasa macho yanaweza kuwa mia tano. Kuanzia mwaka 2016, Zanzibar ilipimwa kwa namna hii. Ndege ndogo zisizo na rubani zilirushwa juu ya Unguja na Pemba, na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki katika kazi hiyo. Vijana hao ni wa nchi yetu, na wengine walianzia katika vyuo vya Qur'an kama ninyi.

MTOTO WA PANGA YA SAIDI

Mfano wa pili unatufundisha zaidi adabu ya elimu. Katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya kuna pango liitwalo Panga ya Saidi. Mwaka 2013 wachimbaji wa mambo ya kale walianza kuona dalili za mifupa chini ya sakafu ya pango, na mwaka 2017 shimo lenyewe likafunuliwa. Mifupa ilikuwa imelainika mno, ukiigusa inageuka vumbi. Wangeendelea kuchimba wangeipoteza yote.

Waliacha kuchimba. Walilizungushia udongo lile fungu zima plasta, wakalitoa likiwa bado halijafunguliwa, wakalipeleka Makumbusho ya Taifa Nairobi na baadaye katika kituo cha utafiti kilichoko Burgos, Hispania. Huko lilichunguzwa kwa mashine za CT zenye uwezo wa kuona vitu vidogo sana. Walijenga umbo la pande tatu ndani ya kompyuta, wakalitenga udongo na mfupa, wakaligeuza na kulikata bila kuvunja kitu.

Walichokikuta kilitangazwa Mei 2021. Alikuwa mtoto wa miaka kati ya miwili na nusu na mitatu, naye akapewa jina la Kiswahili, Mtoto. Wataalamu wanakadiria kuwa alizikwa miaka 78,000 iliyopita. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, miguu imekunjwa. Jinsi mifupa ya bega na mbavu ilivyobaki mahali pake ilionyesha kuwa mwili ulikuwa umeviringishwa kwa kitu fulani kilichooza baadaye, na jinsi kichwa kilivyoinama ilionyesha kuwa kilikuwa kimeegemezwa juu ya kitu.

Ndugu zetu, sisi tunaowazika watoto wetu kwa sanda na kwa ubavu wa kulia hatuwezi kusoma habari hii bila ya kuguswa. Hatusemi zaidi ya yale ushahidi unayosema. Hatujui watu wale waliamini nini. Tunachokijua ni kwamba kulikuwa na mzazi aliyempoteza mtoto na akamhifadhi kwa upole, na kwamba upole ule ungepotea chini ya sururu kama wachimbaji wangekuwa na haraka. Dini yetu inatufunza kuheshimu mwili wa maiti kama tunavyouheshimu wa aliye hai. Chombo kilichowezesha kusoma bila kuvunja kimesaidia kuilinda heshima hiyo.

ELIMU YA MGUSO

Sasa tuje kwenye swali la kijana wetu. Je, macho ndiyo mlango pekee?

Muulize mrina asali wa hapa kwetu. Kabla hajafungua mzinga anaugonga kwa kiganja na kusikiliza, anaunyanyua kidogo na kupima uzito wake. Kwa mkono na sikio anajua kama umejaa au bado. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya pwani na Tabora hawakuhitaji mizani kujua mzigo umezidi, kwani bega liliwaambia. Mkono na bega hukusanya data.

Wengi wetu tukisikia kugusa kwenye kompyuta tunafikiria kioo cha simu. Kioo hicho kinatambua kidole kwa sababu mwili wa binadamu unapitisha umeme, na kidole kikikaribia hubadilisha hali ya umeme iliyo juu ya kioo. Ukitanua vidole viwili picha inakua, ukiviburuta inageuka. Lakini kioo kinajua kidole chako, kidole chako hakijui kilichomo kiooni. Mlima na bonde vyote ni laini sawasawa. Kwa kijana asiyeona, simu ile ilikuwa kipande cha kioo tu.

Kuna vifaa vingine ambavyo hurudisha mguso. Kuanzia mwaka 1967, Frederick Brooks na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walifanya kazi ya kuunganisha kompyuta na mkono wa chuma, wa aina iliyotengenezwa kushikia vitu vyenye mionzi ya hatari kutoka mbali. Walitaka mwanakemia ahisi molekuli ya dawa inavyosukumwa na kuvutwa inapoingia mahali pake, kama ufunguo unavyoingia kwenye kufuli. Mwaka 1990 walieleza kuwa wanakemia waliopewa hisia ya nguvu pamoja na picha walifanya kazi hiyo haraka kuliko walipopewa picha peke yake.

Mwaka 1993, katika chuo cha MIT, mwanafunzi Thomas Massie na mwalimu wake Kenneth Salisbury walitengeneza kifaa kidogo cha mezani. Mtu huingiza kidole katika kitu kama kastabani ya fundi cherehani, na mota ndogo hukisukuma kidole kila kinapofika kwenye ukuta uliomo ndani ya kompyuta. Ukuta haupo, lakini kidole kinaukuta. Jambo la ajabu ni kwamba jicho linatosheka na picha chache zaidi ya ishirini kwa sekunde ili lione mwendo laini, lakini ngozi ni kali zaidi. Vifaa hivi hulazimika kukokotoa nguvu kama mara elfu moja kwa sekunde ili kidole kisihisi mtetemo. Hebu tutafakari neema ya ngozi ambayo Mola ametufunika nayo, na mara ngapi tunamshukuru kwayo.

Siku hizi pia zipo mashine za kuchapa maumbo. Kompyuta ikiwa na wingu la nukta la msikiti, mashine hujenga mfano wake wa plastiki tabaka kwa tabaka, ukashikika mkononi.

MSIKITI WA UDONGO

Sisi hatuna mashine ya kuchapa maumbo. Tuna udongo wa kichuguu. Wanafunzi wakubwa walichota udongo, wakaukanda, na kwa kutazama lile umbo kwenye simu wakafinyanga mfano wa Msikiti Mkuu wa Kilwa wenye ukubwa wa sinia ya pilau. Waliweka nguzo kwa mabua ya mtama na kuba kwa maganda ya mayai. Ulipokauka tukamketisha kijana wetu mbele yake.

Alipitisha vidole taratibu, akahesabu nguzo, akaingiza kidole mlangoni. Kisha akanyamaza kidogo na kuuliza: "Ustadhi, jua la asubuhi linanipiga shavu la kulia, kwa hiyo mbele yangu ni kaskazini. Mbona mihrabu iko huku nyuma kwangu?"

Tukatazamana. Tulikuwa tumeuweka mfano kinyumenyume. Kilwa iko karibu kabisa kusini ya Makka, kwani zote mbili zinakaribia mstari mmoja wa longitudo, hivyo kibla chake ni kaskazini. Hapa Igalula kibla ni kaskazini kwa kuelekea mashariki kidogo. Sote tuliokuwa na macho tuliutazama mfano ule siku mbili, na hakuna aliyeliona kosa. Tuliugeuza, na kijana akaingia msikitini.

MIPAKA NA ADABU

Baadhi ya wazazi wametuuliza maswali ya haki, nasi tunayajibu kwa ufupi.

Kwanza, je, mtu akivaa miwani hii na kuiona Al-Kaaba, amehiji? Desemba 2021 taasisi inayosimamia Misikiti Miwili Mitukufu nchini Saudi Arabia ilizindua mpango wa kumwezesha mtu kulikaribia Jiwe Jeusi kwa uhalisia pepe. Baada ya mjadala kuzuka, mwezi Februari 2022 idara ya mambo ya dini ya Uturuki, Diyanet, ilieleza kuwa ziara ya namna hiyo haihesabiki kuwa hijja. Jambo hili liko wazi. Hijja inataka mwili ufike, uvae ihramu, utufu na usimame Arafa. Lakini kumfundisha mtu njia na matendo ya hijja kabla hajasafiri ni jambo jema, kama tunavyotumia mfano wa Al-Kaaba wa mbao hapa madrasa.

Pili, je, kinachoonekana humo ni kweli? Si chote. Rangi mara nyingi huchaguliwa na mtaalamu ili kutenganisha mfupa na udongo. Mahali ambapo leza haikufika, kompyuta huweza kujaziwa kwa kukisia. Mtaalamu mwaminifu hueleza wapi amepima na wapi amekisia. Data ni amana, na anayeficha palipokisiwa amefanya hiana.

Tatu, afya. Vifaa hivi vinaweza kuleta kizunguzungu na kuchosha macho, na watengenezaji huweka umri wa chini wa kuvitumia. Watoto wadogo wasiachiwe. Na kwa kila mtu, muda usiwe mrefu hata sala ikapita.

ZOEZI LA KUFANYA HAPA IGALULA

Tusimalize kwa kusifu kazi za wengine. Tunapendekeza kazi moja kwa wanafunzi wa madarasa ya juu, ifanywe pamoja na mtu mzima na kwa idhini ya wenye visima.

Hatua ya kwanza: Chagueni visima vitano au sita vilivyo karibu karibu. Kwa kamba yenye jiwe, pimeni kutoka mdomo wa kisima mpaka usawa wa maji. Pimeni asubuhi kabla watu hawajachota. Mtoto asiinamie kisima.

Hatua ya pili: Midomo ya visima haiko usawa mmoja. Ombeni msaada wa fundi ujenzi mwenye mpira wa maji ili mjue kila mdomo uko chini kiasi gani kuliko mdomo wa kisima kilicho juu kuliko vyote. Jumlisheni tofauti hiyo na kipimo cha kamba. Sasa vipimo vyote vinaanzia usawa mmoja.

Hatua ya tatu: Chukueni sinia ya udongo laini na mwonyeshe kila kisima mahali pake. Toeni kina cha maji katika 20, na jibu liwe urefu wa bua kwa sentimita. Maji yakiwa mita 12 chini, bua ni sentimita 8. Yakiwa mita 7, bua ni sentimita 13. Simamisheni mabua, kisha tandazeni kitambaa juu yake.

Hatua ya nne: Fumbeni macho na mpitishe kiganja juu ya kitambaa. Mteremko mnaouhisi ndio mteremko wa maji ya chini ya ardhi, ambayo kwa kawaida husogea kutoka palipo juu kwenda palipo chini. Hakuna jicho lililowahi kuuona, lakini mkono umeujua.

Faida yake si ndogo. Choo kikichimbwa upande wa juu wa mteremko huo, uchafu wake huelekea kisimani, hata kama juu ya ardhi choo kinaonekana kiko upande salama. Wataalamu wa afya hushauri choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Rudieni vipimo wakati wa masika na wakati wa kiangazi, na daftari lihifadhiwe madrasa. Baada ya miaka mitano kijiji kitakuwa na hazina, na kuhara kwa mtoto mmoja kukizuiliwa kwa ajili ya daftari hilo, kazi yenu haikupotea.

HITIMISHO

Ndugu wasomaji, katika Suratun-Nahl Mwenyezi Mungu (s.w.) anatukumbusha kuwa tulitoka matumboni mwa mama zetu hatujui chochote, akatupa masikio, macho na nyoyo ili tupate kushukuru. Shukrani ya viungo ni kuvitumia katika kujua yenye manufaa. Ibn al-Haytham alitumia jicho kulichunguza jicho. Wachunguzi wa Panga ya Saidi walizuia mkono ili usivunje. Na kijana wetu asiyeona alitumia vidole na joto la jua kututoa katika kosa.

Tunawaomba wazazi wenye watoto wasioona au wasiosikia wasiwafiche majumbani. Waleteni madrasa. Mola amewagawia waja wake milango mbalimbali ya elimu, na pengine yule tuliyemdhania hana mlango ndiye atakayetuonyesha kibla.

Wabillahi tawfiq.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya ramani ya karatasi na data za pande tatu. Toa mfano mmoja kutoka kijijini kwenu.
2. Kwa nini kidole kinaonekana kuruka unapobadilisha jicho, na mti wa mbali hauruki kiasi hicho?
3. Mwale wa leza umekwenda na kurudi kutoka ukuta ulio mita 30. Umesafiri mita ngapi? Umetumia muda gani?
4. Kwa nini waliofunua kaburi la Panga ya Saidi waliacha kuchimba? Taja mambo mawili waliyoyajua baada ya hapo.
5. Kioo cha simu na kifaa cha Massie na Salisbury vyote huguswa. Vinatofautiana vipi?
6. Maji ya kisima kimoja yako mita 9 chini ya usawa uliochaguliwa. Bua lake litakuwa na urefu gani?
7. Jadilini darasani: mtaalamu akijaza kwa kukisia sehemu ambayo hakuipima, anapaswa kufanya nini ili awe mkweli?